Tone Linaloamua

Wavuvi wa samaki wa sambaza wa Nyamyumba nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, wavu ukiraruka huutandaza ufukweni wakaushona. Mrija wa mbegu za kiume haukubali mchezo huo.

Mwaka 2010, Dkt. Michel Labrecque wa Kanada aliwafundisha madaktari wa Rwanda njia ya kumfunga mwanamume kizazi, nao wakaisambaza katika hospitali za wilaya. Ngozi haipasuliwi kwa kisu. Hutobolewa kwa koleo lenye ncha kali, mbinu aliyoianzisha Li Shunqiang huko Sichuan, China, mwaka 1974. Mrija ukishakatwa, tundu lake huunguzwa kwa ncha ya moto inayotumia betri, kisha utando huvutwa kufunika ncha moja ya mrija ili ncha zake mbili zisikutane tena. Kazi safi, na gharama yake ndogo.

Lakini mke hufariki, mtoto hufariki, mtu huoa tena, akataka kufunguliwa. Hapo ndipo inapoingia hadubini, ambayo Sherman Silber wa Marekani na Earl Owen wa Australia waliitumia kuunganisha mirija hii miaka ya 1970. Mrija una unene wa milimita 2 hadi 3 kwa nje, ila tundu lake ni kama theluthi ya milimita. Daktari hukata sehemu yote iliyoungua mpaka afikie nyama hai, halafu husubiri tone litoke upande wa korodani.

Tone hilo hupimwa palepale. Likiwa jepesi na lina mbegu, ncha huunganishwa kwa nailoni nyembamba kuliko unywele, tabaka la ndani kwanza, la misuli baadaye. Likiwa zito kama dawa ya meno na halina mbegu, basi kizibo kiko nyuma zaidi, na mrija hupaswa kushonewa kwenye epididimisi, kijirija kilichojikunja nyuma ya korodani; hiyo ni kazi ngumu kupita zote. Asiyeiweza hiyo ya pili, kwangu mimi, asianze hata ya kwanza.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 1991, wa wanaume 1,469, ulionyesha kwamba waliounganishwa kabla ya miaka 3 kupita tangu kufungwa, mbegu zilirudi kwa asilimia 97 na mimba ilipatikana kwa asilimia 76. Waliongoja miaka 15 au zaidi: 71 na 30.

Kwa hiyo, ndugu unayekwenda kufungwa: kama moyoni bado unawaza kufunguliwa, usifungwe.