Jahazi Katika Barabara ya Jogoo: Tafsiri ya Istilahi za Biashara Mitaani

Aghalabu wahakiki huilaumu lugha ya matangazo ya biashara kwamba imefuata Kiingereza neno kwa neno, ikazaa Kiswahili kisichosemwa na mtu. Lawama hiyo haiyapati majina ya huduma za simu za Safaricom nchini Kenya. Sambaza, Okoa Jahazi, M-Shwari na Fuliza ni Kiswahili safi. Linalopasa kuulizwa ni iwapo usafi huo humweleza mteja anachokinunua.

Sambaza ndilo lililofaulu kuliko yote. Kwa desturi kitenzi hiki hudai wapokeaji wengi au mahali pengi. Husambazwa habari, hazisambazwi shilingi 20 kwa mtu mmoja. Lakini katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, toka Kaloleni na Shauri Moyo hadi Dandora, wasemaji wameiondoa kasoro hiyo kwa kauli ya kutendea. "Nisambazie mbao," kijana humwambia mwenzake, naye akatumiwa muda wa maongezi wa shilingi hizo 20. Mtafsiri alitoa neno. Sarufi ilitoka mitaani.

Okoa Jahazi, yaani muda wa maongezi unaokopeshwa kwa ada ya asilimia 10, ni msemo wa pwani. Barabara ya Jogoo haina bahari, labda masika yanapofurika. Hata hivyo msemo unasema kweli: chombo kinazama, na mwenye chombo anajua. Hayo hayawezi kusemwa juu ya M-Shwari ya mwaka 2012, ambayo imempa mweka akiba na mkopaji jina moja la utulivu.

Fuliza, iliyoanzishwa Januari 2019, ndiyo yenye uzito zaidi. Dhana yake ni ovadrafti: mteja hulipa kupita salio lake, hutozwa ada, na fedha zitakazoingia baadaye hukatwa kwanza kufidia deni. Kamusi hueleza kuwa kufuliza ni kutenda jambo bila ya kusita. Kwa upande wa mlipaji aliyesimama dukani tafsiri hiyo ni stadi mno, maana malipo yake hayakusita. Lakini ndani ya kitenzi hicho hamna hata chembe ya deni, na ada ya kila siku nayo hufuliza.

Upungufu huo umejazwa na wasemaji. Huko Umoja na Kayole mtu akisema "nimefuliza" haeleweki kwamba ameendelea na kazi. Inaeleweka kwamba anadaiwa. Wasanifishaji watakaoiona maana hiyo kuwa upotoshaji wataikosea lugha, na wataikosea mitaa iliyolazimika kumalizia kazi ya mtafsiri. Hapana budi iingizwe katika kamusi, pamoja na neno "deni" katika fasili yake.