Leaf ya mtumba au Dolphin mpya: tusome betri kwanza

Ukiulizia Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40 iliyotoka Japani, muuzaji atakuambia inakwenda kilomita 400 kwa chaji moja. Ukiulizia BYD Dolphin yenye betri ndogo, utaonyeshwa karatasi iliyoandikwa 410. Kwa namba hizo mbili magari yanalingana, na kwa kuwa Leaf ya mtumba ni rahisi kuliko Dolphin mpya, mnunuzi anatoa pesa na kuchukua ufunguo. Tatizo ni kwamba namba hizo hazikupimwa kwa mizani moja.

Ile 400 inatoka kwenye jaribio la Kijapani liitwalo JC08, jaribio la upole lililokwisha kuachwa. Japani ilipohamia jaribio la WLTC, Leaf hiyo hiyo ilipewa kilomita 322. Ulaya, kwa WLTP, ikapata 270. Marekani, kwa kipimo cha EPA, 243. Gari halikubadilika, betri ni ile ile ya kilowati-saa 40, au tuseme uniti 40, kwani kilowati-saa moja ndiyo uniti unayonunua kwa tokeni nyumbani. Nayo 410 ya Dolphin ni ya NEDC, jaribio la zamani la Ulaya ambalo Wazungu wenyewe waliliacha kwa sababu lilipendelea magari. Kwa WLTP Dolphin ya uniti 44.9 inapata 340.

Kwa hiyo, kwa mizani moja, ni 270 dhidi ya 340. Betri ya Dolphin imeizidi ya Leaf kwa asilimia 12 tu, lakini mwendo umezidi kwa asilimia 26. Dolphin inabana umeme zaidi. Haki ya Leaf nayo isemwe: mota yake ni ya kilowati 110, ya Dolphin hiyo ni 70, na magari yote mawili yana uzito wa karibu tani moja na nusu. Ukiwa nyuma ya lori pale Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, unatafuta nafasi ya kupita, utatamani ile ya Leaf.

Hayo ni magari yakiwa mapya, na Leaf unayoiangalia si mpya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kizazi cha kwanza cha Leaf, kilichokoma 2017, hakipiti tena bandarini. Kinachopita ni hiki cha uniti 40, kikiwa na miaka kadhaa barabarani. Swali la msingi ni uniti ngapi zimebaki kati ya zile 40.

Leaf ina udhaifu mmoja ambao hauonekani kwenye picha za mnada. Betri yake haipoozwi kwa maji wala kwa gesi ya kiyoyozi. Imefungwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu na kuachiwa upepo wa nje. Mwaka 2012 wenye Leaf za mwanzo huko Phoenix, Arizona, waliona vipimo vya betri vikishuka mapema kwa sababu ya joto la jangwani, na Nissan ikalazimika kubadili kemikali za betri zilizofuata. Betri ya uniti 40 ni bora kuliko zile, lakini upoozaji haukubadilika. Toleo la 2018 likalalamikiwa kwa jambo jingine: ukilichaji kwa kasi mara mbili au tatu kwa siku moja ya joto, gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea umeme ili betri isiungue.

Dolphin imekwenda njia nyingine. Betri yake ni ya chuma na fosfeti, ile LFP ambayo BYD huitengeneza kwa seli ndefu bapa na kuiita Blade, na gesi ya kiyoyozi hupita kwenye sahani iliyogusana na seli ili kuzipooza. LFP hubeba umeme kidogo kwa kila kilo, ila huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi zaidi, na haisumbuki ukiijaza hadi asilimia 100. Udhaifu wake mkubwa ni baridi kali, na hilo si jambo la Nairobi, sembuse Mombasa.

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Cha kwanza huanguka baada ya kupotea takribani asilimia 15 ya uwezo, vinavyofuata huanguka kila asilimia 6 hivi. Maana yake gari lenye vijistari vyote 12 linaweza kuwa na asilimia 99 au 86, na wewe hujui. Isitoshe, kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa ili vijistari virudi vyote kwa muda. Wenye Leaf za zamani wanaijua michezo hiyo. Usinunue kwa vijistari. Chomeka kifaa cha OBD2, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, usome vitu vitatu: asilimia ya afya, tofauti ya volti kati ya seli na seli, na idadi ya mara gari limechajiwa kwa kasi. Muuzaji akikukataza kupima, umeshapata jibu bila kifaa.

Tuchukue Leaf yenye afya ya asilimia 80. Zimebaki uniti 32. Ukiacha asilimia 10 ya akiba, maana hakuna anayependa kusukuma gari, unabaki na karibu 29. Nakadiria uniti 16 kwa kila kilomita 100, nikiongeza kidogo kwa ajili ya foleni na kiyoyozi: unapata kilomita 180. Dolphin mpya, kwa akiba ile ile na uniti 15 kwa kilomita 100, inakupa karibu 270. Ile tofauti ya kilomita 10 ya kwenye karatasi imekuwa 90.

Je, 90 hizo zina maana kwako? Anayekwenda kazini kutoka Thika hadi katikati ya Nairobi na kurudi anatembea kama kilomita 90. Leaf inammudu, na usiku anachaji. Anayekwenda Nakuru, kilomita 160, atafika na Leaf akiwa ameshika roho, kisha atafute umeme kabla ya kufikiria kurudi.

Barabara ya Mombasa ndiyo inayoyatenga magari haya kabisa. Ni kama kilomita 480, na Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Kuinua gari lenye watu wawili na mizigo, tuseme kilo 1,700, hadi kimo hicho kunakula karibu uniti 8 kabla ya hasara yoyote ya mota, weka 9. Hizo ni kilomita 55 au zaidi ambazo hazimo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Ukiteremka unarudishiwa sehemu yake kupitia mota, lakini safari ya kupanda lazima uilipie kwanza. Dolphin itahitaji kusimama mara mbili. Leaf hiyo ya asilimia 80 itasimama mara tatu au zaidi, tena katika joto la Tsavo, na betri isiyopoozwa itapokea umeme polepole zaidi kila kituo kinachofuata.

Ikiwa kituo kina plagi yako. Leaf ya Japani huchaji kwa kasi kupitia CHAdeMO, plagi ambayo Nissan yenyewe iliiacha ilipolipeleka gari lake la Ariya Ulaya, ikachukua CCS2. Dolphin za usukani wa kulia zinazouzwa nje ya China, ukiacha zile za Japani, huja na CCS2. Kabla ya kulipa, pita kwenye vituo vya njia zako na uangalie nyaya zinazoning'inia hapo.

Nyumbani mambo hugeuka. Leaf nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3, za kilowati 6 zilikuwa za kuagiza. Dolphin hupokea karibu 7. Tofauti hiyo inatangazwa sana na haina kazi kwa aliye na soketi ya kawaida. Chaja ya kubebeka yenye ampea 10 kwa volti 240 inatoa kilowati 2.4 kwa gari lolote. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi betri inapata kama uniti 17, yaani kilomita 110, iwe Leaf iwe Dolphin. Ukitaka kufaidi kilowati 7, mwite fundi umeme avute laini yake ya ampea 32. Waya unaokuja na Leaf una plagi ya Kijapani. Nunua mwingine badala ya kuunganisha adapta kwa adapta.

Gharama ya umeme haitenganishi magari haya. Tofauti ni uniti moja hivi kwa kila kilomita 100. Usalama pia: yote yalipata nyota 5 za Euro NCAP, Leaf 2018 na Dolphin 2023, ingawa la pili lilipimwa kwa masharti makali zaidi.

Jambo ambalo wauzaji wa magari mapya hawalitaji ni matengenezo. Betri ya Leaf ina moduli 24 zinazofunguliwa kwa spana. Moduli moja ikifa, fundi mwenye ujuzi wa umeme mkali hutafuta nyingine kutoka gari lililogongwa. Seli za Blade zimepangwa moja kwa moja ndani ya sanduku, na kubadili moja si kazi ya gereji ya mtaani. Hapo unategemea waranti, kwa hiyo Dolphin inunuliwe kwa wakala anayeitambua, na sharti hilo liandikwe.

Kwa mtu wa mjini mwenye maegesho na soketi, mimi ningenunua Leaf yenye afya ya asilimia 85 kwenda juu, nikiishi Nairobi. Mombasa ningenunua Dolphin hata kama sitoki nje ya kisiwa. Na katika kupatana, gawanya bei ya kila gari kwa uniti zilizobaki kwenye betri yake: Leaf ikikutoza kwa kila uniti sawa na Dolphin mpya, mwenye yadi anakuuzia miaka ambayo mwenzako Japani alishaitumia.