Kutendwa na Kutendeka

Wengi wetu huku Lingeka, tulipojifunza Kiingereza, tulipewa sentensi na kuambiwa tuigeuze: "Mtoto amevunja chungu," iwe, "Chungu kimevunjwa na mtoto." Tukageuza, tukapata alama, wala hatukuuliza sababu yake. Hiyo ndiyo kasoro ya mafundisho yale.

Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1944, alionyesha njia iliyo bora, kwani aliitenga kauli ya kutendwa na ile ya kutendeka. Chungu kikiwa kimevunjwa, yuko aliyekivunja, ingawa hakutajwa. Kikiwa kimevunjika, twatazama hali ya chungu tu. Kiingereza huweza kuyasema yote mawili kwa maneno yale yale, na mwanafunzi asipoonywa hupotea.

Wala jambo hili si la darasani tu. Mtunza fedha akisimama mkutanoni akasema, "Fedha zimetumika," imetupasa kumwuliza: Zimetumiwa na nani? Mwalimu asiyefundisha swali hilo amefundisha kugeuza maneno. Kusema kweli hajafundisha bado.