Mashua za Chekechea

Songea haina bandari. Ziwa Nyasa liko mbali huko Mbamba Bay, na mtoto wa Lizaboni, mjini humo, anaweza kumaliza darasa la saba hajaona meli. Lakini mashua anaijua, kwa kuwa mwalimu wake wa chekechea alimfundisha kuikunja.

Nawapongeza walimu hao. Darasa limejaa, karatasi ni za daftari lililokwisha, kalamu za rangi ni vipande vya kugombaniwa. Kunja katikati, pembe mbili za juu zikutane, kingo za chini zipande, moja huku, moja kule. Hapo imekuwa kofia, na darasa zima litaivaa kwanza, mwalimu apende asipende. Kisha kofia hufunguliwa, hubanwa iwe mraba, hukunjwa tena pembetatu na kufunguliwa, mpaka ncha mbili zivutwe nje. Mashua hiyo! Kidole kilichozoea kubana mkunjo kwa ukucha hakisumbuliwi sana na penseli.

Mapambo ndiyo raha yenyewe: bendera ya kijiti, samaki ubavuni, jina la bibi. Aliye fundi zaidi hupaka nta ya mshumaa chini, maji yasiingie upesi.

Mvua ikikatika, mtaro wa barabarani hugeuka Ruvuma, mto ambao kwa kweli huanzia hapo hapo Songea, milima ya Matogoro, ukaenda hadi Bahari ya Hindi. Mzazi, mwanao akirudi na mashua iliyolowa, tafadhali usiitupe. Ianike.