Sifa za Mtunzaji

Habari za teknolojia zinapenda uzinduzi. Simu mpya ikitoka, akili unde mpya ikitangazwa, kampuni moja ikimeza nyingine, magazeti yanajaa. Hakuna mhariri anayetoa ukurasa wa mbele kutangaza kwamba leo, kama jana, mamilioni ya kompyuta zimewaka na kufanya kazi yake. Lakini kuwaka huko ni jasho la watu. Kuna mtu amesoma malalamiko ya mtumiaji asiyemjua, akaitafuta hitilafu, akaiziba, akaeleza kwa maandishi alichokifanya ili atakayemfuata asipotee, kisha akaenda kulala. Nawasifu hapa watu wa kazi hiyo: watunzaji wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, pamoja na mafundi wanaoifikisha kazi yao mpaka huku kwetu milimani.

Ninaandika kutoka Malindi, si ile ya pwani ya Kenya, bali kata ya Wilaya ya Lushoto, ukishapita Magamba. Huku watu wanaishi kwa kabichi, karoti na viazi, na malori yanayoshuka na mzigo kwenda Mombo na kuendelea hadi Dar es Salaam. Mpita njia anaweza kudhani kwamba mijadala ya mifumo endeshi haituhusu. Inatuhusu sana. Mkulima anayeuliza bei ya karoti kwa simu ya Android ameshika Linux mkononi, kwa kuwa kiini cha Android ni kile alichokitangaza Linus Torvalds tarehe 25 Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki. Muuguzi wa zahanati anayejaza vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA naye yumo. Takwimu zake zikishafika wilayani huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuikuza. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya tisini, nchi ilipokuwa inatoka kwenye ubaguzi wa rangi na kuhitaji hesabu za afya za watu wake wote. Leo inatumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo.

Lakini mahali pazuri zaidi pa kuuona ufundi huu ni mezani kwa fundi. Nimekaa mara nyingi pembeni ya kijana mmoja wa huku anayetengeneza kompyuta za steshenari, yale maduka yanayochapa barua za maombi ya kazi, kutoa kopi za vyeti na kuwajazia wanafunzi fomu za mkopo wa elimu ya juu. Kompyuta zenyewe ni mitumba iliyostaafu kwenye ofisi za Ulaya: prosesa ya Core i3 ya mwaka 2013 hivi, RAM ya GB 4. Mwenye duka anakuja ameibeba kifuani, anasema imekufa.

Fundi haanzi kwa kuichomeka umeme. Anafungua ubavu wake, anafagia vumbi la feni kwa brashi ya rangi, anachomoa kadi za RAM na kuyasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli mpaka yang'ae, kisha anazisukuma kwa dole gumba mpaka zilie "ta". Mashine inawaka. Anachokitazama kwanza ni saa, na saa inasema ni Januari 2013. Hapo ameshajua. Kwenye bodi kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayoitunzia kompyuta tarehe hata umeme ukikatika, nayo imekwisha. Mwenye duka alikuwa analalamika kwamba hata kabla ya kuzima kabisa, kila tovuti ilikuwa inakataa kufunguka, na alidhani bando lake linaibwa. Kumbe cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko 2013 inaviona vyeti vyote vya leo kuwa havijaanza kutumika, ikavikataa kwa nia njema kabisa. Betri mpya, saa ikarekebishwa, tovuti zikafunguka.

Baada ya hapo anachomeka flashi yenye mfumo endeshi huria wa Linux Mint, lile toleo jepesi la Xfce. Hasakinishi papo hapo. Anauwasha mfumo kutoka kwenye flashi, anamketisha mwenye duka, anamwambia: "Jaribu kazi zako zote, mama." Printa inachapa? Skana inasoma? Barua iliyoandikwa kwa Word inafunguka bila majedwali kuhama? Ni baada ya majibu hayo tu ndipo anaponakili mafaili ya zamani na kusakinisha. Masasisho ameshayapakua kwa bando la usiku, akayahifadhi, na anayahamisha kwa flashi kutoka mashine moja hadi nyingine ili mteja asichomwe na gharama ya intaneti. Kila hatua hapa ni uamuzi unaomjali mtu mwingine, na kwangu hicho ndicho kipimo cha fundi.

Kazi hii ina uzito zaidi sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa kiasi kikubwa zilianza kutoka mwishoni mwa 2017. Kwa mujibu wa masharti hayo, kompyuta ya steshenari yetu ni takataka. Kwa mujibu wa Linux Mint, inayoridhika na RAM ya GB 2 na kupendekeza GB 4, bado ina miaka ya kazi. Sisemi kwamba programu huria haizeeshi mashine. Debian 13, mfumo mwingine wa Linux uliotoka Agosti 2025, hauna tena kisakinishi cha PC za biti 32. Tofauti ni kwamba uamuzi ule ulijadiliwa hadharani, sababu zikaandikwa, na yeyote anayetaka kuendelea na mashine hizo hakuna wa kumzuia, kwa kuwa msimbo wote uko wazi.

Uwazi huo haukudondoka kutoka mbinguni. Mwanaprogramu Richard Stallman alipotangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, alikuwa anatetea jambo ambalo fundi yeyote wa redio analielewa: ukiwa na kifaa, uwe na haki ya kukifungua, kukichunguza, kukirekebisha na kumpa jirani ulichokirekebisha. Mwaka 1989 haki hizo ziliwekwa katika leseni ya GPL, na mwaka 1992 Linux ikaingia chini ya leseni hiyo. Bila karatasi hiyo ya kisheria, kijana wetu angebaki mtu wa kupuliza vumbi tu.

Wanaopinga wanasema kitu kilicho wazi kwa wote kiko wazi kwa mwizi pia. Hoja hii inastahili jibu la kweli, na jibu lilitolewa Machi 2024, dunia ilipoponea chupuchupu. Mhandisi mmoja, Andres Freund, anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya kazi yake kwenye toleo la majaribio la Debian. Akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesema mtandao leo mzito, tukaendelea. Yeye hakuendelea. Alifuatilia mpaka akaufikia mlango wa siri uliofichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani kwa kuchangia kazi nzuri. Tarehe 29 Machi Freund akaitangazia dunia, kabla mlango ule haujaenea kwenye matoleo ya kawaida ambayo seva nyingi hutegemea.

Kisa hiki kina pande mbili, na mwaminifu huzitaja zote. Freund hakuwa mwajiriwa wa mradi wa xz wala hakuomba ruhusa ya mtu. Msimbo ulikuwa wazi, akashuka nao mpaka chini. Katika programu iliyofungwa angeandika barua ya malalamiko na kusubiri. Lakini pia ni kweli kwamba xz ilikuwa imebebwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila mshahara, kwa muda wake wa ziada, huku watumaji wa barua wasiojulikana wakimshinikiza aachie wengine usukani. Mwizi aliingilia pale ambapo mtunzaji alikuwa amechoka peke yake.

Hapa kwenye milima ya Usambara tungepaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengi. Wazee wetu walichimba mifereji ya kuleta maji mashambani kutoka kwenye makorongo, na mfereji haumalizwi siku ya kuchimbwa. Kila msimu tope hujaa, kingo hubomoka, na anayechota maji hutakiwa kutoka na jembe lake siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Programu huria ni mfereji wa namna hiyo. Benki zinachota, makampuni ya simu yanachota, serikali zinachota, mimi na wewe tunachota. Wenye majembe ni wachache, na wengi wao wako mbali.

Hatukosi mfano wetu wenyewe wa kushika jembe hilo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu kamili ya ofisi yenye menyu, maonyo na maelekezo kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Maelfu ya sentensi fupi yalipaswa kutafsiriwa kwa namna ambayo karani asiyejua Kiingereza angeelewa abonyeze wapi na nini kitatokea akibonyeza. Lakini programu haisimami. Mwaka 2010 watunzaji wengi wa OpenOffice walihamia LibreOffice, na kila toleo tangu hapo limeleta sentensi mpya. Tafsiri ya mwaka 2004, hata ingekuwa bora namna gani, haiwezi kujiongeza yenyewe. Inahitaji watu wa leo.

Nakiri ugumu uliopo. Kuna printa zisizotambulika, kuna mifumo ya kazi iliyotengenezwa kwa Windows pekee, na kijana wa kijijini hawezi kujitolea usiku kucha wakati shamba linamsubiri alfajiri. Ndiyo maana nasema vyuo vyetu vihesabu mchango wa mwanafunzi kwenye programu huria kuwa sehemu ya masomo yake, na taasisi zinazookoa fedha za leseni zitenge sehemu yake kuwalipa wanaotunza. Shukrani peke yake haimlishi mtunzaji.

Nawe msomaji una nafasi. Kama unajua Kiswahili vizuri, LibreOffice inahitaji watafsiri. Kama una simu tu, mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili kwa matumizi ya wote, na lafudhi ya Msambaa ina haki ya kusikika humo kama ya mtu wa Unguja. Kama u mwalimu, mpe mwanafunzi wako kompyuta aifungue bila kuogopa. Na programu ikikugomea, usiishie kulalamika kijiweni: andika ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini, kisha uwatumie watunzaji wake. Anza na hitilafu moja, iandike vizuri, itume.