Sifa za Kiraka

Ripoti za hitilafu zinazowafikia watunzaji wa maktaba za michoro huwa fupi. Mtu anaandika kwamba kwenye kompyuta yake watu wote pichani wana nyuso za buluu, anataja toleo la programu, basi. Anayeipokea ripoti hiyo anafungua picha ileile kwenye kompyuta yake na nyuso ziko sawasawa. Kazi ninayotaka kuisifu inaanzia hapo: kutibu kasoro usiyoiona, kwenye mashine usiyowahi kuigusa, kwa ajili ya mtu usiyemjua, na mara nyingi bila malipo.

Nitaishika maktaba moja ili nisizungumze hewani. Cairo, ambayo jina lake halina uhusiano na mji mkuu wa Misri, ni maktaba huria ya kuchora mistari, maumbo na herufi. Ilianzishwa na Keith Packard na Carl Worth, na toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2005. Mwaka huohuo GTK, ambayo programu nyingi za Linux huitumia kuchora madirisha na vitufe, ilianza kuitegemea. Mchoraji anayetumia Inkscape anaitumia. Mtakwimu anayehifadhi grafu ya lugha ya R kama SVG huenda anaitumia bila kuwahi kusikia jina lake. Ahadi yake ni moja: amri zilezile za kuchora zitoe mchoro uleule, uwe kwenye skrini, kwenye picha ya PNG au kwenye ukurasa wa PDF, na kompyuta iwe ya aina yoyote.

Ahadi hiyo inasikika nyepesi mpaka utakapoifuata hadi kwenye pikseli moja. Pikseli ya kawaida ya Cairo ina biti 32: nane za kiwango cha uwazi, nane za nyekundu, nane za kijani, nane za buluu. Prosesa huiona kama namba moja, lakini ikienda kuihifadhi lazima iikate baiti nne na kuzipanga, na hapo mashine hazina kauli moja. Prosesa za Intel huanza na baiti ndogo. Kompyuta kubwa za IBM, ambazo Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, huziita s390x, huanza na baiti kubwa. Mfanyabiashara wa Muscat akihesabu kwa Kiarabu hutaja tano kwanza ndipo ataje ishirini. Mwenzake wa Lamu hutaja ishirini kwanza, kisha tano. Hakuna aliyekosea, na kila mmoja akijipigia hesabu zake dukani mwake mambo huenda. Matata huja pale mmoja anapoandika kwa utaratibu wake na mwingine akasoma kwa utaratibu wake, wote wakiamini kwamba utaratibu ni mmoja tu duniani.

Cairo iliamua kwamba pikseli ni namba, ihifadhiwe kwa mpangilio wa mashine husika. Mimi nauona uamuzi huo kuwa sahihi. Lakini programu inayozisoma baiti hizo moja moja, ikidhani ya kwanza ni buluu siku zote, itafanya kazi miaka na miaka kwenye kompyuta ya mwandishi wake. Ikifika kwenye mashine ya utaratibu wa pili, baiti ya kwanza itakuwa ya uwazi, na kwa picha isiyopitisha mwanga baiti hiyo huwa 255. Kila pikseli inapewa buluu ya juu kabisa. Nyuso zile zimepatikana.

Sasa kuna viraka viwili vinavyoweza kushonwa. Cha kwanza kinasema: kama mashine ni s390x, geuza rangi. Kinafanya kazi, mlalamikaji anashukuru, ripoti inafungwa. Lakini msimbo bado haujui kwa nini uligeuza, na siku ikija mashine nyingine yenye tabia hiyohiyo na jina tofauti, ugonjwa utarudi. Kiraka cha pili kinaacha kuhesabu baiti. Kinaisoma pikseli kama namba nzima na kuchota kila rangi kwa kusogeza biti, kazi ambayo hutoa jibu moja kwenye prosesa zote. Kiraka kibaya huiuliza mashine jina lake. Kizuri huiuliza tabia yake, au hujipanga hata kisihitaji kuuliza. Nadhani hapo ndipo fundi hupambanuka na mtu aliyebahatika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa kuuliza tabia uko ndani ya Cairo yenyewe. Maktaba hiyo hupokea vipimo kama namba za desimali za biti 64, kisha huvigeuza kuwa namba za hatua maalumu: biti 24 za sehemu nzima, biti 8 za sehemu ya baada ya nukta. Ugeuzaji huo hufanyika mara nyingi mno katika mchoro mmoja, na kwenye prosesa nyingi njia ya kawaida ilikuwa ya polepole. Wakatumia ujanja wa kihesabu: jumlisha 26388279066624 kwenye kipimo chako. Namba hiyo ni 2 kipeo cha 44, mara moja na nusu. Ukubwa wake huilazimisha prosesa kuisogeza namba yako mpaka biti za mwisho za jumla ziwe ndizo hasa zile unazozitaka, zikiwa zimekwisha kukadiriwa. Kinachobaki ni kuisoma nusu ya chini ya jumla hiyo kama namba nzima.

Lakini nusu ya chini iko wapi? Biti 64 ni nusu mbili za biti 32, na mtu angedhani kwamba mashine inayoanza na baiti ndogo itaanza pia na nusu ndogo. Prosesa za ARM za zamani zilivunja dhana hiyo: baiti zilikaa kwa utaratibu mmoja, ilhali nusu za namba za desimali zilikaa kwa utaratibu wa pili. Kusoma jina la prosesa hakukutosha. Hata kuandika programu ndogo ya kuiuliza hakukutosha, kwa sababu msimbo wa simu na vifaa vidogo mara nyingi hutayarishwa kwenye kompyuta nyingine yenye nguvu, ambayo haiwezi kuiendesha programu hiyo.

Mchangiaji mmoja wa Cairo alipata jibu ambalo kila nikilikumbuka nafurahi. Alitafuta namba ya desimali yenye tarakimu 224 ambayo, ikihifadhiwa kwa biti 64, baiti zake nane zinakuwa herufi nane: noonsees. Itazame kila nusu peke yake. Noon inasomeka vilevile ukianzia mwanzo au mwisho, na sees vilevile, kwa hiyo utaratibu wa baiti ndani ya kila nusu hauharibu chochote. Kinachoweza kubadilika ni nusu ipi itangulie. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inapewa namba hiyo, inatoa faili, na hatua ya maandalizi inalipekua faili hilo kama anayetafuta neno katika kitabu. Ikikuta noonsees, nusu kubwa iko mbele. Ikikuta seesnoon, ndogo iko mbele. Isipopata jibu la wazi, inasimama na kukiri kwamba haijui. Hakuna kilichoendeshwa na hakuna jina la prosesa lililoulizwa. Kipimo hicho kilihamia kwenye hazina ya pamoja ya Autoconf, zana ya kuandika hatua za maandalizi kama hizo, na waliotayarisha Python, lugha ambayo wanafunzi wengi wa kompyuta huanzia, wakakichukua.

Na bado ujanja ule wa kujumlisha una adui mwingine. Unahitaji prosesa ihesabu kwa usahihi kamili wa biti 64. Kwenye Windows, maktaba ya michoro ya Direct3D 9 ilikuwa na desturi ya kupunguza usahihi wa hesabu kwenye prosesa za biti 32, isipokuwa programu iombe isifanye hivyo. Katika hali hiyo biti ndogo za jumla yetu hufutika, na mchoro husambaratika bila mstari hata mmoja wa msimbo wa kuchora kuwa na kosa. Prosesa hizohizo zilikuwa pia na tabia ya pili, ya kubeba usahihi wa ziada ndani kwa ndani, hata namba ikawa na thamani moja kabla ya kuhifadhiwa na nyingine baadaye. Hitilafu namba 323 ya kompaila ya GCC, iliyoripotiwa mwaka 2000, inahusu jambo hilo, na wataalamu wamebishana juu yake miaka mingi. Fundi wa michoro hawezi kungoja mabishano yaishe. Anaandika hesabu isiyotegemea mshindi.

Si kila shida hutoka kwenye chuma. PDF inataka desimali iandikwe kwa nukta: 12.5. Lakini kazi ya kawaida ya lugha ya C ya kuandika namba hufuata desturi ya nchi iliyochaguliwa kwenye kompyuta, na Ufaransa, Ujerumani, hata Kongo, watu huandika 12,5. Mtu wa Lubumbashi aliyechagua Kifaransa cha nchi yake angehifadhi ukurasa ambao hakuna kisomaji kingeuelewa, huku mwenzake wa Dodoma akiapa kwamba programu ni nzima. Cairo ina kazi yake ya kuandika namba, inayohakikisha nukta inabaki nukta popote mtumiaji alipo. Ni msimbo mdogo usio na fahari, na ninauheshimu sana, kwa kuwa unamwachia mtu koma ya kwao bila kumwadhibu kwa ajili yake.

Yako mengine ya jamii hiyo. Katika lugha ya C, kwenye Linux ya Intel herufi moja huweza kuwa namba hasi. Kwenye Linux ya ARM haiwezi, kwa hiyo msimbo unaolinganisha herufi na hasi moja ili kujua faili limekwisha unaweza kuzunguka bila kikomo. Aina ya namba iitwayo long ina biti 64 kwenye Linux ya biti 64, na 32 kwenye Windows ya biti 64. Kituruki kina i mbili, na programu inayolinganisha majina kwa kuyageuza herufi kubwa hujikwaa hapo.

Mbinu ya kazi yenyewe ni ya subira. Kwanza unapunguza: programu kubwa ya mlalamikaji inakatwakatwa mpaka ibaki mistari michache inayotosha kuleta kosa. Kisha unatafuta siku kosa lilipoingia. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ina amri ya kugawa historia hiyo nusu kwa nusu, na mabadiliko 1000 huisha kwa hatua takribani 10. Huna mashine husika? QEMU huigiza prosesa za kigeni ndani ya kompyuta ndogo ya kawaida, polepole lakini kwa uaminifu wa kutosha, hata mwanafunzi wa Mbeya anaweza kukutana na nyuso za buluu za s390x bila kuiona kompyuta ya IBM maishani. Mwisho unaandika jaribio. Cairo ina mamia ya majaribio ambayo kila moja huchora kitu kidogo na kukilinganisha na picha ya rejea, na kiraka kisichokuja na jaribio, kwa maoni yangu, kimeshonwa nusu.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa kila mara, tena na watu wa maana: nani huchora picha kwenye s390x? Wachache. Lakini chukua prosesa za SPARC, ambazo huikatiza programu papo hapo inaposoma namba ya biti 32 kutoka mahali pasipogawanyika kwa nne. Intel huisoma kimyakimya na kuendelea. Kosa lilikuwemo kwenye mashine zote mbili, kwani kanuni za lugha ya C hazikulihalalisha popote. SPARC ndiyo iliyosema. Vilevile pikseli inayosomwa kwa kubahatisha ni ya kubahatisha hata pale inapotoa rangi sahihi. Mashine ngeni ni shahidi asiyekuwa na sababu ya kutuficha jambo, na msimbo ambao haujawahi kuhojiwa naye hatujaufahamu, tumeuzoea tu.

Kuna kikomo, na mafundi wazuri wanakijua. Toleo la 1.18 la Cairo lilipotoka mwaka 2023, karibu miaka mitano baada ya lile la 1.16, liliondoa sehemu nzima za kuchorea kwenye OS/2, BeOS na mifumo mingine. Kuahidi mfumo ambao hakuna anayeujaribu ni kumdanganya mtu atakayeuamini, na kufuta msimbo wa namna hiyo ni sehemu ya ufundi uleule.

Hata kile kipimo cha noonsees hakikusalimika. Kompaila za kisasa zinaweza kuahirisha kazi: faili la katikati linabeba maelezo ya ndani ya kompaila, na msimbo wa mashine hutolewa dakika ya mwisho, sehemu zote zinapounganishwa. Aliyepekua faili hilo hakukuta noonsees wala seesnoon. Wakakirekebisha kipimo kiunganishe programu kamili, lakini hiyo pekee haikutosha: kompaila ikiona namba haitumiki, inaitupa. Kwa hiyo leo programu ya kipimo hupokea maneno kutoka kwa mtumiaji, huyageuza namba, huyajumlisha kwenye ile namba ya tarakimu 224, kisha huuliza kama matokeo yanazidi sifuri. Swali hilo halina maana yoyote na hakuna atakayelijibu, kwa kuwa programu hiyo haijakusudiwa kuendeshwa. Limewekwa ili kompaila, isiyoweza kujua mtumiaji angeandika nini, ilazimike kuihifadhi namba ile na herufi zake nane.