Somo la Kuaga

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mkaguzi huketi nyuma ya darasa na daftari lake, akaandika utangulizi ulivyokuwa, kiini cha somo kilivyokuwa, na hitimisho lilivyokuwa. Utangulizi haukuwashinda wengi. Hitimisho ndilo lililowashinda: kengele inalia, mwalimu anakusanya chaki zake, anatoka. Nimestaafu siku nyingi, lakini jicho la mkaguzi halistaafu.

Kwa jicho hilo nilikitazama kipindi cha mwisho cha watangazaji wa awali wa "The Grand Tour", kilichotolewa tarehe 13 Septemba 2024. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha kwenye kompyuta yake hapa nyumbani Ujiji. Kwa msomaji asiyewafahamu, hawa ni Waingereza watatu: Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May. Walijulikana kwa kipindi cha magari cha BBC kiitwacho "Top Gear", kilichoanza mwaka 1977 na kuundwa upya mwaka 2002. Mwaka 2015 Clarkson aliondoka BBC, wenzake wakamfuata, na mwaka 2016 wakaanza kipindi chao kipya katika kampuni ya Amazon. Kwa hiyo waliachana na watazamaji wao baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuendesha magari, kuyaharibu, na kutaniana.

Huenda msomaji akajiuliza yanamhusu nini mzee wa Ujiji. Yananihusu kwa sababu mwaka 2013 watu hawa walikuja pande zetu. Walichukua magari matatu ya familia yaliyokwisha kutumika, BMW, Volvo na Subaru, wakapita Uganda, Rwanda na Tanzania wakidai wanatafuta chanzo cha Mto Nile. Mtu wa Ujiji akisikia hivyo lazima atabasamu. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1858 kwa ajili ya habari hiyo hiyo. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa hapa, wakapanda mtumbwi pamoja hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakauona Mto Rusizi unaingia ziwani badala ya kutoka. Basi ziwa letu haliipi Nile maji. Maji yake hutoka kwa Mto Lukuga kuelekea Kongo. Jambo lililowagharimu wenzao afya na maisha, hawa watatu walilifanya mchezo.

Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Mchezo nao ni njia ya kufundisha. Kosa ninaloliona katika safari zao za Afrika ni jingine: barabara ndiyo mpinzani, gari ndilo shujaa, na mwenyeji ni sehemu ya mandhari. Tope lile lile lililowachekesha kwa wiki chache, kwetu lilikuwa kalenda. Masika ikianza, tulijua ni mitihani ipi itachelewa kufika na ni mjamzito yupi atahangaika njiani. Barabara mbovu si kichekesho kwa mtu ambaye kesho ataipita tena.

Hata hivyo, nikipewa daftari langu, hitimisho lao nalipa alama za juu. Katika safari hiyo ya mwisho walipita Zimbabwe, kila mmoja kwa gari alilolitamani tangu zamani: Clarkson kwa Lancia Montecarlo, Hammond kwa Ford Capri, May kwa Triumph Stag. Wakaishia Botswana, kwenye Kisiwa cha Kubu, katikati ya jangwa la chumvi la Makgadikgadi, mahali walipokwisha kufika mwaka 2007 walipokuwa bado vijana kiasi. Kipindi hicho cha mwisho kilipotolewa mwaka 2024, Clarkson alikuwa na miaka 64, May 61, Hammond 54. Hawakuleta jambo jipya. Walirudi palipo na kumbukumbu, wakatazama walikotoka, wakafunga. Hilo ndilo hitimisho tulilokuwa tukilifundisha: usiongeze somo jipya kengele ikikaribia, rudi kwenye ulichofundisha, kisha waage wanafunzi wako.

Linganisha na "Top Gear" yenyewe, waliyowaachia wengine. Mwezi Desemba 2022 mtangazaji wake, Andrew Flintoff, aliumia vibaya katika ajali wakati wa kurekodi. Mwezi Novemba 2023 BBC ikatangaza kwamba kipindi hakitarudi kwa wakati unaoonekana. Nadhani uamuzi ulikuwa wa haki, maana uhai wa mtu ni mkubwa kuliko burudani. Lakini kipindi cha miaka mingi namna ile kilikwisha kwa tangazo. Kengele ililia, chaki zikakusanywa.

Hapo ndipo mkaguzi alipojikagua. Chuoni kwetu tulikuwa na dereva wa Land Rover. Kwa miaka mingi alitupeleka kukagua wanachuo Kasulu, Kibondo na vijiji ambavyo gari jingine halikuthubutu. Akikwama hakulalamika; alikata matawi, akayatandika chini ya magurudumu, akasema, "Mwalimu, shuka kidogo, nipunguze mzigo." Siku yake ya kustaafu nilikuwa na wageni ofisini. Alifika mlangoni, akawaona, akarudi. Jioni nilikuta funguo mezani kwa karani, pamoja na kitabu cha safari kilichojazwa hadi kilometa ya mwisho. Nilijiambia nitamwita wiki ijayo. Wiki hiyo haikufika.

Baada ya kutazama wale Waingereza wakiagana nilipanda daladala hadi Mwandiga, ambako anaishi na mwanawe. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaagiza niletewe kiti. Nilimwambia nimekuja kumshukuru kwa kazi yake na kumwomba radhi kwa siku ile. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Lile gari lilikwenda wapi, Mwalimu?"

Nilimjibu kwamba liliuzwa kwa mnada baada yangu, sijui nani alilinunua. Akatikisa kichwa. "Breki za nyuma zilikuwa zinavuta upande wa kushoto," akasema. "Nilikuja siku ile nikuambie, ili umwambie dereva mpya."

Miaka yote hiyo nilidhani alikuja mlangoni ili nimuage. Kumbe alikuja kumalizia kazi. Hitimisho lake lilikuwa bora kuliko la wale wa Kubu, na mimi niliyekuwa mkaguzi sikufungua mlango.